Milimita Mbili

Kazi yangu ni kuzika mashine, au kuzifufua,
inategemea mteja ana haraka gani.
Miaka kumi na tisa nazunguka mji huu wa mizabibu
na sanduku la bisibisi, siki, na pakiti za asidi ya ndimu.
Mimi Zeynel. Baba alikuja Ujerumani kuchonga mawe;
nami nachonga yaleyale, ila ndani ya mabomba.

Maana maji ya hapa hayaji peke yake.
Yameshuka toka kilima cha chokaa,
yamejipenyeza polepole kati ya makombe
ya bahari iliyokauka kabla mtu hajawa na jina,
na kila tone limetia kitu mfukoni.
Yakiwa baridi huyashuku: meupe, matamu.
Yachemshe. Yataungama.

Waliosema damu ni nzito kuliko maji
hawakuwahi kuteremsha kipashamaji
kutoka ghorofa ya nne, lifti mbovu,
kimejaa jiwe kama figo la mgonjwa.
Haba na haba hujaza kibaba, kweli;
huku kwetu huziba bomba.

Nimeyasikia yote.
Bilauri zimeota mtoto wa jicho.
Taulo zimekakamaa kama ng'onda.
Pasi inatema unga kwenye shati la harusi,
na bwana harusi yuko kwenye simu, ananipigia kelele mimi,
kana kwamba kilima kile nilikijenga mimi.

Novemba aliniita Bi Gundula Weigand.
Mashine ya kufulia ilinyamaza katikati ya kazi,
mashuka yakiwa bado yamelala majini.
Nikaivuta toka ukutani, nikaifungua mgongo:
koili imevaa gamba jeupe, nene,
kama tumbawe lililokosa bahari.
Akaniandalia chai. Juu ya chai,
utando mwembamba, ukipasuka vipandevipande
kila nilipougusa kwa kijiko.

Mimi sina adabu na mabirika. Nikalifunua, nikachungulia,
nikapitisha ukucha chini kabisa.
"Milimita mbili," nikasema. "Kwa mtu mmoja anayependa chai,
hii ni miezi tisa bila siki."

Akahesabu kwa vidole, akianzia kidole gumba.
Kimya. Friji likanguruma, likaacha.
"Februari," akasema. "Ottmar alifanya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.
Nusu siki, nusu maji.
Alifungua dirisha hata kukiwa na theluji,
kwa sababu harufu ile siiwezi."

Nilikwisha shika chupa yangu.
Akaweka kiganja juu ya kifuniko, kikiwa bado cha moto.
"Hilo liache. Wewe tengeneza mashine."

Nikatia koili mpya. Nikamwonyesha
mahali pa kumimina chumvi kwenye mashine ya vyombo,
nikachovya karatasi ya kupimia bombani:
vijisanduku vinne, vyote vikageuka vyekundu.
Alinisikiliza kama mtu asikilizavyo tangazo
la treni asiyosafiri nayo.
Mashuka yakaanza tena kuzunguka.
Tukayatazama, sijui kwa nini, kama dakika tano.

Mlangoni, risiti mkononi, akauliza:
"Mwaka ukitimia, itakuwa unene gani?"
"Inakaribia tatu. Ukipita hapo birika litaungua."
"Basi njoo Februari," akasema, "na siki yako.
Dirisha nitafungua mwenyewe."

Nimeandika kwenye kalenda, penseli,
kati ya mabafu ya shule ya msingi
na pasi ya padri, ambayo naijua:
haitafika hata Krismasi.